Chungu Kilichoelea

"Nguo ya kurudi haivaliwi kwa baridi ya kwenda." Ndivyo kocha wenu alivyowajibu leo, na ninyi mkamzomea. Sikuwapo uwanjani, lakini zomeazomea yenu ilifika mpaka hapa barazani kwangu. Ipyana, usiutoe mguu kwenye ndoo. Maji yakianza kupata joto, Subilaga atakuletea mengine. Kifundo kilichoteguka hakihitaji huruma. Kinahitaji maji baridi na mwenye mguu kutulia. Kwa kuwa utatulia, na wenzako hawaonyeshi dalili ya kuondoka, nitawaeleza methali hiyo ilikotoka. Ilianza katika kijiji hikihiki cha Ngofi, kwa vyungu viwili, mablanketi mawili na watu watatu.

"Watatu tu, Bibi?" Subilaga akauliza.

Watatu. Wakizidi hapo, ujue msimuliaji ameanza kutunga.

Ilikuwa kabla ya Uhuru, mwezi wa Agosti, msimu wa baridi ukielekea kwisha. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne katika zahanati za mwambao huu, na wagonjwa wa baridi niliowapokea walikuja zaidi mwishoni mwa msimu kuliko katikati yake. Mwezi wa Juni kila mtu anaiogopa baridi. Ikifika Agosti watu wameshaizoea, na aliyezoea jambo halitazami tena.

Ufuko wetu mnaujua. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka ndani ya Ziwa Nyasa, na kusini mwa kijiji hakuna njia ya miguu. Mvuvi akipatwa na jambo huko hawezi kupanda popote. Atakaa juu ya mawe mpaka ziwa limruhusu kuondoka. Wazee wetu waliona mapema kwamba wengi waliokufa katika miezi ya baridi hawakuzama. Walifika nchi kavu wakiwa hai, wakaketi na nguo mbichi penye upepo, wakafia hapo.

Kwa hiyo ukawekwa utaratibu. Wanawake wetu wa Kikisi, kama mjuavyo, ni wafinyanzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Walifinyanga chungu cha shingo nyembamba, kikubwa kiasi cha kupokea blanketi moja lililokunjwa vizuri. Blanketi likishaingia, kifuniko kiliwekwa na kuzungushiwa nta ya nyuki iliyochanganywa na majivu, kisha mwanamke aliyekifunga akaigandamiza nta kwa dole gumba lake. Kila mvuvi aliondoka na chungu chake. Blanketi lile liliitwa nguo ya kurudi, na chungu kilifunguliwa mtumbwi ukishagusa mchanga wa nyumbani, au mahali ambapo mtu hawezi kwenda mbele tena. Wakati wa kwenda, mvuvi alivaa kitambaa chochote kikuukuu na kupiga kafi kwa nguvu. Kafi lilimpa joto.

Sasa watu wenyewe. Gwamaka alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye nguvu na mwenye maneno mengi. Alikuwa amemposa msichana aitwaye Lugano. Kwa desturi ya hapa, mchumba alipaswa kumpelekea mama mkwe kapu la mbasa aliowavua kwa mkono wake mwenyewe, na kaka wa msichana alikwenda naye ziwani ili awe shahidi kwamba samaki hawakuombwa kwa mtu. Kaka wa Lugano aliitwa Andengulile. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, mzito wa kujibu. Mtu wa tatu alikuwa mke wake, Tumpale, ambaye hakuingia ziwani siku ile. Yeye ndiye aliyefinyanga vyungu vyote viwili na kuvifunga, na dole lake lilikuwa katika nta ya kila kimoja.

Usiku wa kuamkia safari, Lugano alimwambia kaka yake neno moja tu: "Umrudishe." Andengulile alicheka. Alfajiri, hata hivyo, aliikagua nta ya chungu cha Gwamaka kabla hajaikagua ya chungu chake.

Walisukuma mtumbwi saa kumi na moja na nusu, kwenda kuvuta nyavu walizotega jana yake kwenye miamba ya kusini. Hewa ilikuwa ikiteremka kutoka milimani, na ilikuwa ya baridi kweli. Hilo silipunguzi.

"Shemeji," Andengulile akasema, "meno yako yanapiga ngoma gani?"

"Ya harusi yangu. Nimeona nianze mapema."

"Piga kafi. Tukifika mwamba wa kwanza utakuwa unatoka jasho."

"Mwamba wa kwanza uko mbali, na blanketi liko hapa miguuni pangu limelala kama mgeni wa heshima."

"Hilo ni la kurudi."

"Kwani atakayerudi si mimi huyuhuyu?"

Kabla Andengulile hajajibu, Gwamaka alikuwa ameshaibandua nta kwa ncha ya kisu na kujifunika mabega. Watu huwa wanaicheka hoja ile. Mimi siicheki. Ilikuwa hoja nzuri, na ndiyo maana ilikuwa ya hatari. Blanketi ni lake, baridi ni yake, mwili ni wake: kwa nini angoje?

"Sasa tazama," Gwamaka alisema huku akipiga kafi, "mimi nimepata joto, na la kwako linapata joto humo chunguni kuliko wewe mwenyewe. Dada yako anaolewa na mwenye akili."

"Tutaona saa sita," Andengulile akajibu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mtu anayepiga kafi akiwa amejifunika blanketi hutoka jasho, na blanketi hunywa jasho hilo. Kila kafi linapoinuka, matone hudondoka mapajani. Kisha zikaja nyavu, na nyavu hazivutwi na mtu mkavu. Ilipofika saa tatu, mbasa kumi na wanane walikuwa wamelala ndani ya mtumbwi, wakubwa, wa kumpendeza mama mkwe yeyote, na blanketi la Gwamaka lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Lilikuwa la pamba. Lingekuwa la sufu, lingebaki na joto kidogo hata likiloa, na pengine nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Saa nne walianza kurudi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, manyunyu yakaanza, na upepo wa mwera ukaamka kutoka kusini. Utasikia wengine wakisema mawimbi yalikuwa marefu kama nyumba. Hayakuwa. Mtumbwi wa gogo haungoji wimbi la nyumba. Mawimbi ya kiunoni yanayokuja kwa nyuma, yakifuatana upesi kuliko mtu anavyoweza kuteka maji kwa kibuyu, yanatosha. La kwanza liliwamwagikia, la pili likawakuta bado wanateka la kwanza, na lililofuata likaujaza mtumbwi mpaka ukingoni na kuupindua.

Mtumbwi wa mti hauzami, huelea ukiwa umejaa. Wanaume wawili waliushika mmoja huku na mmoja huku, wakasukumwa na mawimbi kuelekea kwenye mwamba. Samaki walikwenda zao, na nyavu karibu zote; makafi yalibaki kwa kuwa yalikuwa yamefungwa kwa kamba. Chungu cha Gwamaka, ambacho mdomo wake ulikuwa wazi, kilijaa maji na kuzama palepale. Chungu cha Andengulile kilitoka chini ya mtumbwi, kikaibuka na kuelea, shingo juu, kama bata. Andengulile aliuacha mtumbwi, akaogelea mikono kumi hivi, akakirudisha akikisukuma kwa kidevu.

Walipofika nchi kavu hapakuwa na mchanga. Palikuwa na mawe yaliyotosha watu wawili na mtumbwi, na nyuma yake ukuta wa mlima. Upepo ulipiga hapo bila kizuizi, na kuni hazikuwapo.

Mwanzoni Gwamaka alitetemeka mwili mzima, na Andengulile akamwambia avue blanketi lile lililoloa. Akakataa. "Ni blanketi," alisema, kana kwamba jina lake peke yake lingemtia joto. Kisha akatoa kichupa cha gongo alichokificha kiunoni. Andengulile alimpokonya na kukimwaga juu ya mawe. Wakati ule hawakujua kwamba pombe huivuta damu kwenye ngozi, na joto la ndani likatoka nayo. Walijua tu kwamba katika hesabu ya wafu wa miezi ya baridi, wenye vichupa walikuwa wengi.

Baada ya muda Gwamaka aliacha kutetemeka.

"Ah, alikuwa ameanza kupona," mmoja wenu amesema. La. Kutetemeka ni kazi: mwili unajitwanga ili upate joto. Mtu aliyepoa akiacha kutetemeka bila kupata joto, mwili wake umeacha kazi. Ulimi wa Gwamaka ukawa mzito. Akasimama, akaanza kutembea kuelekea majini.

"Unakwenda wapi?"

"Majini. Majini kuna joto."

Na hakukosea. Maji ya ziwa siku hizo huwa na joto kuliko upepo. Anayetoka ndani yake huhisi kama ametolewa kitandani. Lakini maji hulichukua joto la mtu upesi zaidi kuliko hewa, na mtu aliyechoka hivyo akilala humo hainuki.

Andengulile alimshika mkono. "Shemeji, keti."

"Niache. Lugano ananiita."

"Lugano yuko Ngofi anatwanga. Keti!"

"Wewe nani?"

Swali hilo ndilo lililomwogopesha Andengulile. Alimwangusha chini, na haikuwa kazi kubwa kumwangusha, ingawa asubuhi ile Gwamaka angeweza kumbeba. Kisha akakitazama chungu. Yeye mwenyewe alikuwa ameloa, vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa kukunjika, na blanketi kavu lilikuwa moja. Kama angelivaa peke yake, angerudi nyumbani peke yake na kumweleza dada yake. Kama angempa Gwamaka na kuketi kando, huenda watu wa kijiji wangekuta maiti mmoja vilevile, tofauti ni jina tu.

Aliivunja nta kwa jiwe, palepale penye dole la mke wake. Blanketi lilikuwa kavu kabisa. Katikati ya mikunjo yake Tumpale alikuwa ametia karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Andengulile akavua nguo zake zote, akamvua Gwamaka zake, akampangusa maji kwa viganja. Akatandika makafi na kipande cha wavu kilichobaki, ili wasikae juu ya jiwe tupu, akaugeuza mtumbwi ubavu kukinga upepo na manyunyu. Kisha akaketi, akamkumbatia shemeji yake kifua kwa mgongo, na kujifunika naye blanketi mpaka kichwani.

Ilipita kama saa moja. Mtu wa kwanza kusema alikuwa Gwamaka.

"Shemeji."

"Naam."

"Tuko uchi."

"Naona."

"Tukionekana je?"

"Na nani? Na mbasa uliowaachia?"

Gwamaka alijaribu kucheka, na badala ya kicheko akaanza kutetemeka, meno yakigongana kwa nguvu. Andengulile aliniambia kwamba katika maisha yake hakupata kusikia sauti iliyomfurahisha kama ile. Akampa karanga mojamoja. Kila alipomeza, alimwuliza jina lake, jina la baba yake na jina la mchumba wake. Alipolikosa la mchumba alipigwa kofi dogo la kichwani. Alilikosa mara moja tu.

Saa kumi upepo ulilegea. Wakaukung'uta mtumbwi, wakaingia, Gwamaka akiwa amefungwa blanketi kifuani, na Andengulile akapiga kafi peke yake mpaka alipopata joto la kutosha. Jua lilijitokeza chini ya mawingu likiwa bado juu ya maji walipogusa mchanga wa Ngofi.

Wanawake walikuwa wamejaa ufukoni. Lugano alikuwa mbele. Aliwahesabu wawili, akaketi chini mchangani. Tumpale yeye aliwatazama watu, kisha akatazama ndani ya mtumbwi.

"Vyungu viwili vilitoka," alisema. "Naona kimoja."

"Cha Gwamaka kimezama," mume wake akajibu.

"Chungu nilichokifunga mimi hakizami."

Tumpale akamgeukia Gwamaka. Hakupaza sauti, wote walioniambia wanakubaliana juu ya hilo.

"Ulikifungua lini?"

"Asubuhi, dada."

"Asubuhi ya wapi? Mlipinduka wakati wa kwenda?"

"Hapana. Nilisikia baridi."

"Baridi ya kwenda kila mtu anaisikia. Haijaua mtu bado, dawa yake kafi. Mimi nimekaa siku nne na udongo, nimechoma chungu, nimeyeyusha nta, nimekufungia nguo ya kurudi. Nguo ya kurudi haivaliwi kwa baridi ya kwenda!"

Wanawake walilirudia neno hilo wakipanda nalo nyumbani. Kesho yake watoto walikuwa wakiambiana wakigombea mihogo. Mwaka haukuisha kabla halijavuka kwenda kwa watu ambao hawana ziwa wala chungu, na huko likatumika kwa mahindi ya mbegu, kwa nguvu za mwenye safari ndefu, na sasa kwa mpira.

Gwamaka alipata kapu lake la mbasa wiki tatu baadaye, Andengulile akiwa shahidi tena. Chungu chake kipya kilirudi kimefungwa, dole la Tumpale likiwa halijaguswa. Alimkabidhi mama mkwe samaki, kisha akampa Tumpale chungu. Tumpale alikigeuza huku na huku, akasema, "Sasa mwoe."

Na kuanzia msimu uliofuata, kila asubuhi ya mwezi wa Mei hadi Agosti, Gwamaka alisimama ufukoni wavuvi walipokuwa wakiondoka, akapitisha kidole kuzunguka nta ya kila chungu. Walimtania sana. "Shemeji wa baridi," walimwita. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna mtu wa Ngofi aliyekufa kwa baridi ziwani. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa kwa sababu yake. Vyungu viliongezeka, na mablanketi ya sufu yakafika. Nasema tu kilichotokea na kisichotokea.

"Lakini Bibi," Subilaga akauliza, "umejuaje waliyosema kule kwenye mawe? Hukuwepo."

Niliwauliza, kila mmoja siku yake, mwenzake asisikie. Walikubaliana katika yote, hata idadi ya samaki, isipokuwa jambo moja. Andengulile alisema kwamba Gwamaka, alipoanza kupata joto, alilia. Gwamaka alisema hakulia, ilikuwa maji ya ziwa yakitoka kwenye nywele. Gwamaka alikuwa baba yangu, na Andengulile mjomba wangu. Katika hilo namwamini mjomba.

Haya, Ipyana, utoe mguu tuone. Uvimbe umepungua. Nitakufunga bendeji, na mpira usiuguse wiki tatu. Sasa niambie wewe, maana wenzako bado wananitazama: leo kipindi cha kwanza mlimpigia kocha kelele kwa nini?

"Mshambuliaji wetu alikuwa amechoka. Tulitaka kocha amwingize mtu mwingine. Alikuwa amebakiza nafasi moja tu ya kubadilisha."

Akakataa. Kisha?

"Kisha dakika ya themanini mimi nikaumia."

Na wewe unacheza nafasi gani?

"Golikipa."

Nani akakaa golini?

Ipyana aliutazama mguu wake uliofungwa, akacheka kidogo, kama mtu aliyekutwa. "Golikipa wa akiba, Bibi. Alidaka penalti. Tukashinda moja bila."

Basi kesho mkamwombe kocha radhi, na mkifika kwake msimweleze hadithi yote, anaijua. Mwambieni neno lake tu, ili ajue limefika: nguo ya kurudi haivaliwi kwa baridi ya kwenda.